Mbu Waliomzoea Mtu Mmoja

Kazini walimwita Chakula, na akiitwa aliitika. Wageni walishtuka kusikia mtu mzima wa miaka hamsini na mitano, mwenye mvi na miwani, akiitwa hivyo mbele za watu, lakini mwenyewe alilichukulia jina hilo kama cheo. "Kuna wakurugenzi, kuna madereva, na kuna mimi," alikuwa akisema. "Siku nisipokuja ndiyo mtajua nani mkubwa hapa."

Hakuwa akitia chumvi. Kazi yake ilikuwa kulisha mbu, na aliwalisha kwa damu yake mwenyewe. Kila siku saa mbili asubuhi, Jumapili na sikukuu zikiwemo, alipita milango miwili ya chumba cha wadudu nyuma ya maabara, akiufunga wa kwanza kabla ya kuufungua wa pili, akakaa kwenye stuli na kukunja shati hadi kiwikoni. Vizimba vilikuwa vitatu, vya chandarua kilichovutwa juu ya fremu ya chuma, kila kimoja kikiwa na mkono wa kitambaa ubavuni, kama mkono wa fulana. Humo ndimo alimopitisha mkono wake. Mbu majike, ambao tangu jana yake jioni walikuwa wamenyimwa maji ya sukari, walimvamia papo hapo. Robo saa kizimba cha kwanza, robo saa cha pili, robo saa cha tatu. Waliachia ngozi wakiwa wamevimba matumbo mekundu, wazito kuruka kama watu waliotoka karamuni. Yeye alisikiliza redio. Mwaka wa kwanza alijikuna mpaka akatoka vidonda. Mwaka wa tatu mwili ulichoka kulalamika, na tangu hapo hata kiupele hakikutokea.

Sasa mtu atauliza: mbu wamejaa kila kona, hao walikuwa na nini cha ajabu? Sifa yao kubwa ilikuwa kufa. Mababu zao walichotwa miaka ishirini na miwili iliyopita kwenye kinamasi kilichokuwa chini ya mji, kabla mbu hawajaizoea dawa ya vyandarua. Ukiwagusisha dawa, wanakufa. Mbu wa nje siku hizi wanatua juu ya chandarua chenye dawa, wanapumzika, wanajifuta miguu na kuendelea na safari zao. Kwa hiyo chandarua kipya kikiletwa maabara, walijaribiwa mbu wa nje na mbu wa Chakula pamoja. Wa Chakula wakifa na wa nje wakabaki, ilijulikana dawa ni nzima ila mbu wamekuwa sugu. Wote wakibaki hai, dawa yenyewe ni maji matupu. Bila wale wa Chakula, hakuna ambaye angejua lipi ni lipi. Na kinamasi hakikuwepo tena. Kilikaushwa, pakajengwa maghala na kituo cha mafuta. Ukoo mzima ulikuwa umebaki mle chumbani, kwenye vizimba vitatu.

Zamani walishaji walikuwa wanne, wakipokezana. Mmoja alipata ujauzito akaacha. Wa pili alihamia kwa watoto wake. Wa tatu hakuaga hata kidogo. Jumatatu moja hakuonekana, na baadaye watu walimkuta sokoni akiuza vifuniko vya simu, mikono imenawiri. Akabaki Chakula peke yake, na miaka minane ikapita.

Mashine ya kulishia ilikuwepo: kibakuli cha damu ya ng'ombe iliyopashwa moto, kimefunikwa utando mwembamba. Mbu wa vyumba vingine waliinywea bila maneno. Hawa wa kinamasi walitua, wakapapasa, wakaondoka. Mikono mingine nayo ilijaribiwa, ya mlinzi, ya mfagizi, hata ya Daktari, lakini mbu waliuma kwa kusitasita na mayai yakapungua yakawa ya kuhesabika. Daktari huyo, msimamizi wao, alikuwa mwanamke kijana, daktari wa wadudu wala si wa watu. Alimweleza Chakula kwamba, anavyodhani yeye, ni suala la harufu. Kwenye ngozi ya kila mtu wanaishi bakteria wasioonekana kwa macho, kila mtu na wake, na hao ndio wanaopika harufu ambayo mbu anaifuata.

"Umelea vizazi na vizazi kwa mkono mmoja, mzee wangu," alimwambia. "Ambao hawakuupenda walikufa bila kuzaa. Waliobaki ni wale wanaokupenda wewe."

Chakula alivimba kichwa, akaenda kumsimulia mkewe siku hiyo hiyo.

"Wanakupenda?" mkewe alisema, akiwa ameinamia cherehani. "Mimi nimekupenda miaka thelathini na sijakunyonya hata tone."

Mke huyo alikuwa mshonaji wa sare za shule, na sebule yao ilikuwa kiwanda chake. Alikuwa na sababu ya kuwachukia wale mbu, maana masharti yao yalikuwa yamehamia nyumbani. Mlishaji hakuruhusiwa sabuni ya kunukia, wala mafuta ya kunukia, wala vitunguu saumu, wala dawa ya aina yoyote. Manukato ya mke yalimshika mume kitandani, kwa hiyo mke naye akayaacha, na wote wawili wakawa wanaoga kwa kipande kimoja cha sabuni ya kufulia. Chakula akiumwa jino alisukutua maji ya chumvi na kusaga meno. Kaka yake alipofariki, alifika mazishini, akatupa udongo wake, akageuza na basi lile lile lililomleta. Mke ndiye aliyebaki kubeba lawama za ukoo mzima kwa siku saba.

Basi, katika kuyashika masharti hayo, Chakula alifanya kosa ambalo mtu mwingine yeyote asingelifanya.

Kila mwaka, kiangazi, vidonge vya kuzuia matende viligawiwa nyumba kwa nyumba. Katika mtaa wao aliyegawa alikuwa mdogo wa mkewe, shemeji mwenye sauti kubwa na karatasi yenye majina. Mbu akimnyonya mtu aliyemeza vidonge vile, mbu anakufa. Walishaji walipokuwa wanne haikuwa tabu: anayemeza alimwambia Daktari, akapumzishwa wiki mbili. Alipobaki peke yake, Chakula alipiga hesabu zake kimyakimya. Akisema, ama mbu watakufa kwa njaa, ama atatafutwa mtu mwingine wa kuwazoea, na yote mawili yalimuuma. Kwa hiyo hakusema. Aliweka vidonge chini ya ulimi, akanywa maji, akamwachamia shemeji mdomo, kisha akaenda nyuma ya nyumba akatema. Mwaka wa kwanza aliona aibu. Mwaka wa nane alifanya hivyo huku akimwuliza shemeji habari za watoto.

Mtaa ungebaki kama ulivyokuwa zamani, labda yasingemfika. Mtaa wao ulikuwa mlimani, na enzi hizo watu walilala na mablanketi mawili; mbu ukimwona mmoja unamshangaa. Lakini miaka iliendelea kuwa ya joto, mitaro ikaziba, mashimo ya wajenzi yakajaa maji, na mbu wakapanda mlima pamoja na joto. Walimuuma Chakula barazani kama walivyomuuma kila mtu. Aliwapiga vibao kwa dharau. "Hamna hata adabu," aliwaambia. "Wenzenu wana ratiba."

Mwanzoni mwa mvua alimletea mkewe suruali akamwomba aipanue mguu wa kulia.

"Mguu mmoja tu?" mke aliuliza.

"Huo huo. Kitambaa kimerudi."

Mke alichukua futi kamba, akapiga magoti, akapima mguu mmoja chini ya goti, akapima wa pili. Akapima tena. Kisha akaikunja futi kamba taratibu, akaiweka juu ya cherehani.

"Inchi mbili," alisema. "Kesho zahanati."

Tabibu wa zahanati alimtoboa kidole, akadondosha damu kwenye kikaratasi, wakasubiri. Mistari miwili ikatokea.

"Vidonge vya kila mwaka ulikuwa unameza?" tabibu aliuliza.

"Nilikuwa napewa," Chakula alijibu, akitazama bango ukutani. Mkewe alimtazama yeye.

Tabibu aliwaeleza bila haraka. Mnyoo wa matende haishi peke yake, alisema. Ndani yake wamo bakteria wanaomsaidia kuishi na kuzaa. Wakiuawa hao, mnyoo hazai tena, na mwishowe anakufa mwenyewe. Dawa yao ni kidonge kila siku kwa wiki sita, bila kuruka hata siku moja, na juu yake vile vya kila mwaka.

"Kumbe hata mnyoo ana mpangaji," Chakula alisema, akijaribu kucheka.

"Si mpangaji, mzee. Ni mwenzake wa ndani kabisa. Wamezoeana mpaka hakuna anayeweza kuishi bila mwingine." Tabibu alibonyeza mguu chini ya goti, na shimo la kidole likabaki pale pale. "Sikiliza. Mguu ukishakuwa mkubwa haurudi. Leo bado unavaa kiatu. Ukingoja mwaka mwingine, hutavaa."

Walipofika nyumbani Chakula alieleza yote, tangu kidonge cha kwanza. Mke alisikiliza amesimama.

"Miaka minane," alisema. "Unamchekea mdogo wangu halafu unakwenda kutema nyuma ya choo."

"Nyuma ya banda."

"Banda lina heshima gani kuliko choo?" Kisha akakaa. "Meza leo."

"Nikimeza leo, kesho nawaua wote. Ngoja kwanza nimwambie Daktari."

Akamwambia. Daktari alisikiliza, amekunja mikono. "Meza, mzee wangu," alisema hatimaye. "Siwezi kukuambia usimeze." Lakini macho yake yalikuwa kwenye vizimba. "Nipe wiki mbili tu nitafute njia."

Alitafuta kweli, hakuwa mtu mbaya. Aliandikia maabara nyingine zichukue mayai, zikajibu kwamba hazina mlishaji, zina mashine tu. Akaomba soksi aliyoivaa Chakula siku tatu, akaikata, akaivuta juu ya utando wa mashine ili inuke kama yeye. Mbu wakaja mbio, wakatua juu ya soksi, wakachomeka midomo, wakaonja damu ya ng'ombe na kuondoka zao. Mayai yao hayatunziki zaidi ya siku chache. Wenyewe wanaishi mwezi mmoja, ukijitahidi. Wiki mbili zikawa tatu, tatu zikawa nne.

Pakiti ya vidonge ilikaa mfuko wa shati muda wote huo. Asubuhi alijiambia kesho, na kesho yake akajiambia hivyo hivyo. Kiatu cha kulia alikiacha, akavaa kandambili. Homa zilimjia, zikamlaza siku mbili, siku ya tatu akaenda kazini akitetemeka, kwa sababu siku mbili ndio mwisho wao wa kuvumilia. Alikaa mkono ukiwa kizimbani na mguu umepandishwa kwenye stuli nyingine, mlango umefungwa, mlango wa pili umefungwa, redio inaongea, na akaogopa. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Kumeza alitaka. Alitaka hata kusimama tu, achomoe mkono, atoke nje, asirudi. Kisha aliwatazama wakinywa, wapole, wamemwamini, akabaki pale pale mpaka robo saa ikaisha.

Ni hapo mkewe alipokata shauri. Siku moja asubuhi aliacha sare nusu, akafunga kilemba, akaenda maabara ambako hakuwahi kukanyaga kwa miaka ishirini na miwili. Mlinzi alimzuia, alimpita. Daktari alimfuata nyuma akieleza habari za milango. Mlango wa kwanza, mlango wa pili, na mke akasimama ndani ya joto lile lenye unyevu, amefura.

"Inuka," alimwambia mumewe. "Inuka twende nyumbani."

Chakula alibaki amekaa. Alikuwa ametazama kizimba cha tatu, ambacho zamu yake ilikuwa haijafika. Mbu wote walikuwa wamehamia upande mmoja, wamejibandika kwenye chandarua, vichwa vikielekea alikosimama mkewe. Alichomoa mkono, akasogeza stuli haraka, akakikinga kizimba hicho kwa mgongo.

"Toka, mama watoto," alisema. "Humu kuna joto, utazimia."

Mke akasogea hatua mbili kushoto ili amwone usoni. Nyuma ya mgongo wa Chakula, mbu nao wakahama.

Daktari alikuwa ameona. Mke akamgeukia.

"Wananitaka mimi?" mke aliuliza.

"Hamna kitu," Chakula alisema. "Mbu wanahamahama tu."

"Sikukuuliza wewe."

Daktari alijibu kwa sauti ya chini. Huenda ikawa hivyo, alisema. Sabuni moja, kitanda kimoja, miaka thelathini. Bakteria wa ngozi ya mmoja huwa wa mwingine. Itabidi damu ipimwe kwanza. Na si lazima, mama, tena si lazima kabisa.

"Nikiwapa mkono wangu, huyu atameza?"

"Hapana," Chakula alisema.

"Simwulizi yeye!" Lakini sasa alikuwa anamtazama yeye, na macho yake yalijaa machozi ya hasira. "Utameza au humezi? Sema. Kama unataka nikuzike kwa ajili ya mbu, sema nijue."

Alipimwa, akakutwa hana mnyoo hata mmoja, maana vidonge vya mdogo wake alikuwa akivimeza kila mwaka bila hila. Siku iliyofuata Chakula alimeza kidonge cha kwanza mbele yake. Mke hakutosheka; alimwambia inua ulimi, akaingiza kidole chake kigumu cha kushika sindano, akakagua kila upande kama anayetafuta uzi uliokatika. Kisha akakunja mkono wa gauni akauingiza kizimbani.

Walimfunika mkono wote. Alivuta pumzi kwa meno.

"Jamani, wanauma!"

"Mwaka wa tatu hutasikia," Chakula alisema, kumfariji.

Mke aligeuka. "Mwaka wa tatu? Si wiki sita?"

"Wiki sita," alisema upesi. "Nilitaka kusema wiki sita."

Wiki sita hizo Chakula alikaa nyumbani. Alipika, akapasi sare, akashonea vifungo vilivyosahauliwa. Aliweza kusafiri, akasafiri: alikaa kwa watoto wa marehemu kaka yake siku tano nzima, akaomba radhi, akasamehewa nusu. Mguu ulikoma kukua. Kiatu kiliingia tena, ingawa bila kamba. Ilimpasa kufurahi, na kuna saa alifurahi kweli, mpaka jioni alipomwona mkewe akishona kwa mkono mmoja na kujikuna wa pili kwa rula, upele umepanda hadi begani. Kichwa kilimuuma mke mara mbili wiki ile ya nne. Hakunywa dawa. Alijifunga kitambaa kichwani akaendelea kukanyaga cherehani.

"Bado kidogo," Chakula alimwambia. "Nikimaliza, narudi mimi, na hutakaa uingie mle tena."

"Naijua hesabu," mke alijibu.

Kidonge cha mwisho kilipomezwa waliongeza mwezi mzima ili damu isafike. Asubuhi ya kurudi Chakula aliamka mapema, akaoga, akavaa shati lililopigwa pasi. Walikwenda wote wawili, mke akiwa amebeba gauni la sare mkononi ili alipitishe shuleni wakitoka. Daktari aliwasubiri mlangoni akitabasamu. Chakula alikaa kwenye stuli yake, akakunja shati, akapitisha mkono kizimba cha kwanza.

Hawakuja.

Alingoja. Alipuliza pumzi kwenye chandarua, kama afanyavyo kila mlishaji kuwaamsha wazembe. Waliruka, wakazunguka, mmoja akatua juu ya kifundo cha mkono wake, akatembea hatua chache, akaondoka. Alijaribu kizimba cha pili, kisha cha tatu. Mkono ulikaa mle mtupu na mweupe chini ya taa. Mbu walikuwa wamejibandika ukuta wa mbali, upande wa mlango, ambako mkewe alikuwa amesimama na lile gauni.

"Labda ni dawa, mzee wangu," Daktari alisema, na tabasamu lilikuwa limemtoka. "Haichagui. Imewaua bakteria wa kwenye mnyoo, na labda imewabadilisha na wa kwenye ngozi yako. Labda watarudi."

"Lini?"

"Sijui."

"Nitakaa nao mpaka jioni," Chakula alisema. "Wakisikia njaa kweli watauma. Mimi ndiye niliyewalea. Wananijua." Alisukuma mkono ndani zaidi, hadi bega likagusa chandarua, akaanza kuwabembeleza kwa sauti, mtu mzima, machozi yanamtiririka chini ya miwani. "Njooni basi. Njooni. Mniache nimtoe mwenzangu humu."

Mke alimwangalia kwa muda. Kisha akampa Daktari lile gauni amshikie, akaja mpaka kwenye stuli huku akikunja mkono wake, na akamgusa mumewe begani.

"Nipishe, baba," alisema. "Wana njaa hao."